Kununua tableti ya kuchorea yenye skrini: anzia kwenye waya na meza, namba za kalamu baadaye

Mtu akiamua kununua tableti ya kuchorea yenye skrini, yani ile unayochora juu ya kioo chenyewe na mchoro unatokea pale pale chini ya kalamu, kitu cha kwanza anachofanya ni kulinganisha namba. Hii ina ngazi 8192 za presha (yani mkandamizo wa kalamu), ile ina 16384, basi ile ni kali mara mbili. Hapana bana. Hiyo ndo namba ya mwisho kabisa ya kuumiza kichwa na nitaeleza huko chini kwa nini. Wengi ninaowasikia wakilalamikia tableti zao hawalalamikii presha, wanalalamika waya haukubali kwenye laptopu, meza imejaa hadi kibodi haina pa kukaa, shingo inauma, pointa inatokea kwenye skrini nyingine. Kwa hiyo mi napanga hivi: kompyuta uliyonayo kwanza, alafu meza, alafu kalamu, alafu kioo, rangi zinakuja nyuma.

Ila kabla ya yote, unaihitaji kweli?

Kuna aina tatu na watu wanazichanganya kila siku. Kuna ile bapa isiyo na skrini, mkono unachora mezani huku macho yapo kwenye kompyuta. Kuna hii tunayoiongelea, ina skrini lakini haina akili yake, ni skrini ya pili ya kompyuta yako ambayo inajua kusoma kalamu, ukichomoa waya inabaki kioo cheusi. Alafu kuna tableti kamili kama iPad au Galaxy Tab, zenye betri na programu zake ndani. Nasisitiza hapo kati mana wapo wanaonunua ya pili wakidhani watachora kwenye basi, inafika, wanaiwasha, hakuna kitu, wanadhani ni mbovu.

Kama leo unatumia ile bapa na unafikiria kupanda, jiulize shida yako iko wapi. Skrini inasaidia sana kwenye kulenga: kuunganisha mstari na mwingine bila kuachana, kupitisha wino juu ya mchoro wa awali, kufunga maumbo, kuchora nywele. Mtu anayefanya wino wa komiki ataona tofauti siku hiyo hiyo. Lakini kama shida ni mikono inayoonekana kama uma au perspektivu inayopinda, kioo hakitakusaidia, utachora makosa yale yale ila kwa karibu zaidi. Na ile bapa ina faida zake, shingo inakaa wima, haipati joto, haina kioo cha kuvunja, na kuna wataalamu kibao wameizoea hivyo na hawana mpango wa kuhama. Na ukiwa tayari una Mac na iPad yenye kalamu, jaribu kwanza Sidecar, ipo tangu 2019 kama vifaa vyako si vya zamani sana, inageuza iPad kuwa skrini ya pili ya kuchorea. Itumie kwa wiki kadhaa ndo utajua kama kuchora juu ya kioo kunakufaa kabla hujatoa hela nyingine.

Haya, kompyuta na waya

Hapa ndo watu wengi wanakwama kwa hiyo nitakaa kidogo. Tableti ya aina hii inahitaji vitu vitatu kutoka kwenye kompyuta: picha, data ya kalamu na umeme. Njia ya zamani inagawa hivyo vitatu kwenye kebo moja yenye vichwa vitatu, HDMI ya picha, USB ya kawaida ya data, na USB nyingine ya umeme. Inachukiza kwa macho, nyaya zinajaa mezani, lakini inafanya kazi karibu na kompyuta yoyote yenye HDMI. Njia mpya ni USB-C moja inayobeba vyote. Nzuri sana, ila sio kila tundu la USB-C linatoa picha. Matundu mengi kwenye laptopu yana umbo lile lile lakini yanapitisha data na chaji tu. Linalotoa picha linatakiwa liwe na uwezo wa DisplayPort (njia ya kupitisha picha) ndani yake au liwe Thunderbolt, mara nyingi kando yake kuna kialama cha herufi D yenye P ndani au cha radi. Kama hakuna alama yoyote usikisie, tafuta modeli kamili ya laptopu yako na usome maelezo ya hilo tundu moja moja, mana kuna laptopu zina matundu mawili ya C na ni moja tu linalotoa picha.

Waya nao vile vile. Kebo ya C ya kuchajia simu itaingia vizuri tu lakini haitapitisha picha, utabaki unalaumu tableti. Tumia ile iliyokuja kwenye boksi au nunua iliyoandikwa wazi kwamba inabeba video. Angalia pia tundu lenyewe kwenye tableti limekaaje, baadhi yameingia ndani kwenye shimo jembamba kiasi kwamba kebo ya kampuni nyingine yenye kichwa kinene haifiki mwisho, na hilo tundu ndo sehemu inayolegea mapema kuliko zote kwa sababu ya kuvutwavutwa.

Umeme nao una vituko vyake. Tableti ndogo zinaweza kuishi kwa umeme wa laptopu, lakini laptopu ikiwa inajibana unaona skrini inazima na kuwaka, au mwanga haupandi mpaka juu. Kabla hujasema imeharibika chomeka kichwa cha tatu kwenye chaja ya ukutani. Za inchi 20 kwenda juu karibu zote zina adapta yake, hivyo hesabu soketi moja zaidi.

Na kama unatamani ya 4K, yani yenye pikseli 3840 kwa 2160, HDMI ya kizazi cha 1.4 inatoa 4K kwa mara 30 tu kwa sekunde, na kwenye kuchora utaiona hiyo, pointa inaburuta nyuma ya kalamu kama imelewa. Inatakiwa 2.0 au DisplayPort ili upate 60. Na laptopu yenye kadi dhaifu ya picha ikibeba turubai kubwa, leya (tabaka za mchoro) 60 na skrini ya 4K kwa pamoja, brashi nene itaanza kukusubirisha. Hapo tableti haina kosa.

Saizi, na hii meza yako

Inchi zinazoandikwa ni za ulalo, zinadanganya macho. Nitakupa kwa milimita. Skrini ya inchi 13.3 ya umbo la kawaida la 16:9 ina eneo la kuchorea kama 294 kwa 165, yani upana ni sawa na urefu wa karatasi ya A4 lakini kimo ni kifupi kuliko A4. Ya inchi 15.6 ni kama 344 kwa 194. Ya inchi 21.5 ni 476 kwa 268. Sasa toa hapo sehemu ya paneli za programu, leya kulia, brashi kushoto, menyu juu, kwenye inchi 13 unabakiwa na kadirisha ka kuchorea ambako utakuwa unakuza na kupunguza muda wote. Inawezekana, watu wanafanya kazi nzuri sana kwenye inchi 12, ila unachora kwa kifundo cha mkono. Kama wewe unachora kwa bega, mistari mirefu ya kurusha mkono, inchi 13 itakufunga. Skrini za 16:10 zinazozidi kuja siku hizi zinaongeza kimo kidogo na mi nazipenda, kile kipande cha chini ndo unalaza paneli yako.

Upande wa pili, kubwa sio lazima iwe bora. Inchi 24 inameza meza nzima, haihami, inataka stendi ya maana, na kibodi unaiweka wapi? Fanya hivi, ni bure: tafuta vipimo vya nje vya tableti unayoitaka, sio vya skrini, vya mwili mzima na fremu zake, kata boksi la kadibodi saizi hiyo hiyo, liinamishe kwa vitabu mpaka nyuzi 20 hivi, liweke pale pale litakapokaa, na uishi nalo siku mbili. Weka na kibodi. Weka na kikombe. Shika kalamu yoyote ujifanye unachora kona ya juu kushoto alafu kona ya chini kulia. Utajua fasta kama kiwiko kinaning'inia, kama laptopu inabidi isogezwe nyuma mpaka husomi maandishi yake, kama unainama kama unatafuta sindano chini. Kadibodi limeshawaokoa watu wengi kuliko hakiki za video.

Stendi usiione kama nyongeza. Tableti iliyolala bapa mezani inakufanya uinamishe shingo masaa yote na maumivu yanaanza taratibu. Miguu midogo ya kukunja inayokuja nyuma ya nyingi inatoa kama nyuzi 16 mpaka 20, ni bora kuliko kukosa kabisa, ila kwa kazi ya siku nzima utataka iinuke zaidi. Kwenye modeli kubwa angalia kama nyuma kuna matundu manne ya skrubu ya kiwango cha VESA, ya milimita 75 au 100, hapo unaweza kuifunga kwenye mkono wa kubebea skrini na kuisukuma pembeni ukimaliza. Na hakikisha ukiegemeza mkono wako mzima ule mkono wa stendi hauzami, wa bei chee huwa unazama.

Vitufe vya pembeni, usilipie sana. Vimekaa upande mmoja, ukiwa unatumia mkono wa kushoto inabidi uigeuze tableti yote juu chini, draiva nyingi (programu inayounganisha tableti na kompyuta) zinaruhusu, lakini waya nao unahamia upande wa pili, na je utafika? Kikibodi kidogo cha pembeni au nusu ya kibodi ya kawaida vinafanya kazi ile ile na unaviweka unapotaka.

Sasa kalamu

Hapa ndo pesa inapotakiwa iende. Nyingi za kisasa zinatumia mfumo wa EMR, chini ya skrini kuna ubao unaotoa uga wa sumaku, ndani ya kalamu kuna koili inayojibu, ndo mana kalamu haina betri wala haichajiwi. Wacom walikuwa peke yao kwenye hii kwa muda mrefu, leo Huion, XP-Pen, Gaomon, Xencelabs wote wana kalamu zisizo na betri. Ukikutana na modeli ya zamani inayotaka uchaji kalamu, ipite. Na kwa sababu ni sumaku, usiweke spika au kava lenye sumaku karibu na skrini, mistari itapinda na utatafuta mchawi.

Turudi kwenye ngazi za presha. Cintiq 24HD ya Wacom ya 2011 ilikuwa na ngazi 2048 na studio zilifanya nayo kazi za pesa nyingi tu. Kutoka 2048 kwenda 8192 mkono wako hauwezi kuhesabu hiyo tofauti, na kutoka 8192 kwenda 16384 ndo kabisa. Kinachohisiwa na mkono ni vitu vingine ambavyo boksi linavitaja kwa maandishi madogo au halivitaji kabisa.

Cha kwanza ni uzito unaotakiwa ili mstari uanze kutoka. Kalamu nzuri inaanza kuandika kwa gramu 2 au 3, karibu ni uzito wa kalamu kugusa tu. Mbovu inataka uisukume, na hapo kila mstari unaanza na alama nene ghafla badala ya kuanza mwembamba kama unyoya. Kwa mtu wa kuchora vivuli vya mistari mistari hii ni kubwa kuliko namba yoyote. Cha pili ni nibu, yani ncha ya kalamu, inatikisika? Ishike kwa kidole, ikicheza pembeni au ikizama ndani unapokandamiza, utaisikia kwenye kila nukta. Cha tatu ni mstari wa polepole, na hili ndo jaribio langu namba moja.

Fungua Krita, programu ya kuchorea ya bure, zima kabisa stabilaiza (inayolainisha mistari yenyewe), chukua brashi nyembamba isiyobadilika unene. Weka rula juu ya kioo kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, na uvute kalamu taratibu sana, polepole kama konokono. Alafu vuta mstari wa pili kwa mwendo wa kawaida. Angalia kwa kukuza. Ule wa haraka utakuwa umenyooka kwa tableti yoyote ile, wa polepole ndo unasema ukweli: ukiona vimawimbi vidogo vinavyojirudia kwa umbali ule ule, huo ni mtetemo wa ubao wa chini, sio mkono wako, rula ilikuwa inakushikilia. Kidogo sana kinavumilika, kila tableti ina kiasi chake. Kikionekana bila kukuza, achana nayo, utaishi na stabilaiza milele na stabilaiza inachelewesha mstari. Rudia kalamu ikiwa imelala upande wa kulia, kisha kushoto, mana kuna kalamu zinakuwa safi zikisimama wima tu. Kama huna pa kuijaribu kwa mkono tafuta video ambazo mtu anafanya hili jaribio la rula, zipo kwa karibu kila modeli inayojulikana, na usizipe uzito zile ambazo mtu anafungua boksi tu na kusifia plastiki.

Pembeni kabisa mwa skrini nako kalamu nyingi zinapoteza shabaha, milimita chache kutoka ukingoni pointa inakimbia nibu. Sio mwisho wa dunia ila ndo mahali menyu zako zilipo, kwa hiyo ijue.

Umbo la kalamu ni la mkono wako, siwezi kukuchagulia. Nene haichoshi vidole, nyembamba inafanana na penseli. Ila angalia vitufe vyake, vikiwa vimechomoza sana kidole gumba kitavibonyeza bila kukusudia na utaona menyu inafunguka katikati ya mstari. Unaweza kuvizima kwenye draiva. Na kalamu ya kampuni moja kwa kawaida haiongei na tableti ya kampuni nyingine, hata ndani ya kampuni moja sio zote zinaingiliana, hivyo kabla ya kununua hakikisha kalamu ya akiba ya modeli hiyo inapatikana kirahisi. Tableti bila kalamu ni skrini ya gharama tu.

Kioo

Kuna pengo kati ya uso unaogusa na pikseli zenyewe. Likiwa kubwa, ukiangalia kwa pembeni nibu iko hapa na wino unatokea pale, ndo inaitwa paralaksi. Zilizogandishwa kioo na paneli bila hewa kati, watengenezaji wanaandika laminesheni kamili, zinapunguza hilo karibu lote na pia vumbi haliingii kati. Mi ningelipia hiyo kabla ya kulipia rangi au 4K. Lakini usiifanye dini, Cintiq 16 ya 2019 haikugandishwa na watu wameitumia kupata riziki, unakalibreti (unalinganisha pointa na nibu) vizuri ukiwa umekaa vile unavyochora, mkono unazoea baada ya muda.

Uso nao una aina. Kuna kioo kilichochongwa kwa kemikali kiwe na ukwaruzo kidogo, na kuna kioo laini kilichobandikwa filamu. Filamu inachubuka, lakini inabadilishwa. Kioo kilichochongwa kinadumu, ila kikizidi unaona vichembe vinavyometameta kwenye rangi nyeupe, vinaudhi. Vyote viwili vinakula nibu, na nibu ikishapata upande bapa wenye ncha kali inaanza kuchora kioo chako kwa maana mbaya ya neno. Ipitishe kwenye kidole mara kwa mara, ukihisi ukingo unaokata badilisha, nibu ni rahisi, kioo sio rahisi. Glovu ya vidole viwili ni ya kuzuia jasho na mkono kunata, soksi iliyokatwa inafanya kazi hiyo hiyo.

Uwezo wa kuguswa kwa vidole unavutia, kukuza na kuzungusha turubai kama simu. Mi ningeuchukua kama upo ila sio kuulipia sana, kiganja kinaleta fujo na wengi wanaishia kuuzima. Kama kuna kitufe cha kuuzima haraka basi poa.

Rezolusheni na rangi

Rezolusheni isome pamoja na saizi. 1920 kwa 1080 kwenye inchi 13.3 ni pikseli 166 kwa inchi, safi. Kwenye inchi 15.6 ni kama 141, bado sawa. Kwenye inchi 24 inashuka hadi 92 na kumbuka unaangalia kwa umbali wa sentimita 40, utaona ngazi ngazi kwenye mistari ya mshazari, hapo tafuta 2560 kwa 1440 angalau. 4K kwenye inchi 15.6 inapita 280, inapendeza lakini vitufe vya programu vinakuwa kama chawa na lazima uongeze ukubwa wa maandishi kwenye mfumo, na kuna programu za zamani hazikubali hilo vizuri.

Rangi: kama kazi zako zinaishia mtandaoni, unachohitaji ni asilimia karibu 100 ya sRGB (kiwango cha rangi za skrini za kawaida) na paneli ya IPS ili rangi zisibadilike ukisogeza kichwa. Basi. Wengine wanaandika asilimia 72 ya NTSC (kiwango kingine cha rangi), usishtuke, kwa ukubwa hiyo ni karibu sawa na sRGB nzima. Adobe RGB na DCI-P3 ni za watu wa kuchapisha na wa video, na skrini pana ya rangi ambayo haijapimwa itakufanya uchore ngozi za watu ukiona zimeiva kumbe kwa wengine wote zimepauka. Mchoraji wa komiki nyeusi na nyeupe aruke hii sehemu yote. Skrini za OLED, ambazo kila pikseli inajiwakia yenyewe, zimeanza kuingia, Wacom Movink 13 ya 2024 ni mfano, gramu 420 na weusi wake ni weusi kweli, ila paneli za programu zinazokaa sehemu moja mwaka mzima zinaweza kuacha kivuli kwenye OLED, kwa hiyo uwe na tabia ya kuzificha au kuzima skrini ukiondoka. Mwangaza, nyingi zina niti (kipimo cha mwangaza) 200 mpaka 250, zinatosha ndani, ukikaa karibu na dirisha zitakushinda.

Draiva, kidogo tu

Kampuni nyingi zina draiva za Windows na macOS. Wa Linux, tableti nyingi za Wacom zimo ndani ya keneli (moyo wa mfumo) tayari, Huion na XP-Pen wanatoa draiva zao, na kuna OpenTabletDriver kwa zilizobaki, soma orodha yake kabla ya kununua. Kwa wote: futa draiva ya tableti ya zamani kabisa na uwashe kompyuta upya kabla hujaweka mpya. Draiva mbili za kampuni tofauti zikikaa pamoja ndo unapata zile ajabu za presha kupotea katikati ya kazi. Kwenye Windows presha ikikataa, chezea swichi ya Windows Ink (mfumo wa kalamu wa Windows), iwe kwenye draiva na ndani ya programu pia, zikitofautiana hazielewani. Kwenye macOS kalamu isiposogea ni ruhusa za faragha hujaipa draiva.

Ukinunua iliyotumika, angalia kwanza kama draiva ya modeli hiyo bado inatolewa kwa mfumo wako wa sasa, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, tikisa waya kidogo pale kwenye tundu uone kama picha inakatika, na inamisha kioo kwenye mwanga uone mikwaruzo katikati, mana hapo ndo mkono unafanya kazi zaidi.

Ikishafika

Usianze na mchoro mkubwa. Weka skrini ziwe za kupanuliwa sio kuakisiwa, alafu ndani ya draiva iambie kalamu itumie skrini ya tableti tu, hapo pointa haitakimbilia kwenye laptopu. Kalibreti ukiwa umekaa vile unavyochora siku zote, sio umesimama juu yake. Jaza skrini rangi nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu, tafuta pikseli zilizokufa, na kwenye nyeusi zima taa uone mwanga unaovuja pembeni. Rudia lile jaribio la rula kwenye mishazari yote miwili. Krita ina kipimo cha tableti kwenye mipangilio yake, kinakuonyesha presha na mlalo wa kalamu kama zinasomwa. Alafu chora masaa mawili mfululizo, gusa mgongo wa tableti na kona zake, joto la vuguvugu ni kawaida, la kukufanya uhamishe mkono sio kawaida, na kama ina feni isikilize chumba kikiwa kimya. Mkunjo wa presha (namna mstari unavyoitikia mkandamizo wako) kwenye draiva uurekebishe baada ya siku kadhaa, mkono ukiwa umeshatulia, ukiuchezea siku ya kwanza utakuwa unafukuzana nao. Yote haya yafanye ndani ya muda wa kurudisha bidhaa, na boksi na plastiki zake usitupe mpaka muda huo upite.